Kabla ya Kununua Mfumo wa Kisasa, Shughulikia Vali ya Mvuke

Wenye viwanda huku Eneo la Viwanda la Nairobi, kuanzia Enterprise Road mpaka Lunga Lunga, huniuliza swali lile lile: "Fundi, tuweke mfumo gani ili mitambo ijiendeshe?" Wauzaji wamewapitia na kompyuta zenye grafu za kupendeza, bei ikiwa ukurasa wa mwisho kabisa. Mimi huomba kitu kimoja kabla sijajibu: nitoleeni rekodi ya jana, saa 24, ya joto, presha na mwendo wa vali. Kama rekodi haipo, basi kazi ya kwanza tumeshaijua.

Nitaeleza hapa utaratibu ninaoufuata, kwa fundi anayeanza kazi ya udhibiti na kwa meneja anayetaka kujua analipia nini. Mfano wangu mkuu ni pasteuriza, mtambo wa kuua vijidudu kwenye maziwa kwa joto, inayopashwa kwa maji moto, na maji hayo yanapashwa kwa mvuke wa boila. Nimeuchagua kwa sababu ni mtambo unaopatikana kila mahali na una kila ugonjwa.

Pesa imejificha wapi

Kila mchakato una mpaka usiovukwa. Maziwa ya pasteuriza ya mtiririko lazima yafike angalau nyuzi 72 na kukaa hapo sekunde 15. Maziwa ya unga hayatakiwi kuzidi asilimia 5 ya unyevu. Sasa opereta mwenye akili hakai karibu na mpaka kama grafu yake inayumba. Joto likicheza kati ya 75 na 81, ataweka setipointi, yaani joto analokiagiza kidhibiti kulishika, 78, na huwezi kumlaumu: likiteremka chini ya kiwango, vali ya kugeuza itayarudisha maziwa kwenye tangi la mwanzo na meneja wa uzalishaji atataka maelezo.

Ule umbali kati ya setipointi na mpaka ndio unaoulipia kila saa mtambo unapozunguka. Kazi yetu ni mbili: kupunguza kuyumba, halafu kusogeza setipointi. Hiyo ya pili husahauliwa sana. Nimekuta viwanda vilivyolipa vizuri kunyoosha grafu, kisha setipointi ikaachwa pale pale ilipokuwa, na bili ya mafuta haikushuka hata shilingi.

Piga hesabu kabla ya kuahidi chochote. Chukua pasteuriza ya lita 5,000 kwa saa, uteremshe joto kutoka 78 hadi 74. Hizo ni kama kilo 5,150 za maziwa, kila kilo ikitaka kilojuli 3.9 kwa nyuzi moja. Jumla karibu kilojuli 80,000 kwa saa, yaani kilowati 22. Muuzaji ataishia hapo na kutabasamu. Lakini pasteuriza ina sehemu ambapo maziwa moto yanayotoka hupasha yale baridi yanayoingia. Kama sehemu hiyo inarudisha asilimia 90 ya joto, akiba yako halisi ni kilowati 2 na kidogo, sawa na birika moja la stima la kuchemshia chai. Faida ya pasteuriza iko kwingine: ukoko unaoganda kwenye sahani na kukulazimisha kusimama kuosha mapema, ladha ya kuungua, na yale maziwa yanayorudishwa na kupashwa mara ya pili.

Kwenye kikaushio cha unga hesabu ni nyingine kabisa. Kama umekuwa ukiendesha kwa unyevu wa asilimia 3.8 kwa kuogopa ile 5, na ukaweza kukaa 4.5 bila wasiwasi, kila tani ya yabisi (maziwa bila maji) inakuwa kilo 1,047 za bidhaa badala ya 1,039.5. Kilo saba na nusu zaidi, kihalali, tena kwa hewa moto pungufu. Hapo ndipo mfumo wa bei kubwa unapoweza kujilipa.

Simama na opereta kwanza

Omba orodha ya vidhibiti vyote na uulize vingapi viko otomatiki muda huu. Usiulize ofisini, nenda kwenye skrini, na ikiwezekana nenda shifti ya usiku. Kidhibiti kilichowekwa manuali kina sababu, na opereta anaijua. Kuna mzee wa boila, huniita binti, ambaye aliwahi kuniambia, "Binti, hiyo ukiiweka otomatiki saa kumi na moja wakati wanaanza kuosha chupa, presha inaanguka na sisi wote tunaanguka nayo." Sentensi hiyo ilinipa muda, chanzo na mtambo unaohusika. Hakuna programu ingenipa hayo haraka hivyo.

Kisha kusanya data ya sekunde moja moja, si ya dakika. Mifumo mingi ya kuhifadhi rekodi hubana data ili kuokoa nafasi; hutupa mabadiliko madogo na kuchora mstari ulionyooka mahali ambapo vali ilikuwa ikitetemeka. Zima ubanaji huo kwa vile vipimo unavyovichunguza.

Jaribio la kwanza ni rahisi hata msaidizi wako anaweza kulifanya: weka kidhibiti kinachoyumba kwenye manuali, kwa ruhusa ya opereta, na usubiri. Kuyumba kukikoma, ugonjwa uko ndani ya mzunguko huo, ama vali ama hesabu za PID, zile ambazo kidhibiti hutumia kuiamrisha vali kwa kutazama kosa la sasa, jumla ya makosa, na kasi ya mabadiliko. Kukiendelea, unaletewa kutoka nje. Katafute nani mwingine anayumba kwa mwendo ule ule. Mara nyingi ni presha ya mvuke.

Vali, sensa na hewa

Hapa ndipo muda wangu mwingi huishia, na hapa ndipo watu hutaka kuruka.

Vali ya mvuke ikiwa manuali, iongezee asilimia 1 ya amri. Subiri. Ongeza 1 nyingine. Endelea hivyo, kisha rudi chini kwa hatua zile zile. Vali nzima hujibu kila hatua. Vali inayoganda hukaa kimya hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu inaruka zote kwa pamoja. Weka kidole kwenye kishikio cha shina, mbali na mvuke na mikono ikiwa na glavu, utauhisi mruko wenyewe kabla joto halijabadilika kwenye skrini. Kwenye grafu, otomatiki ikiwa imewashwa, amri inapanda taratibu kwa mstari, kipimo hakijali, kisha kinaruka na kupita setipointi, na amri inageuka kuanza kushuka. Hivyo siku nzima. Vali ya namna hiyo haitulizwi na PID yoyote duniani, kwa sababu kidhibiti kitaendelea kujumlisha kosa mpaka vali iachilie.

Chanzo? Tazama nati ya kubana pakiti, kile kizibo kinachozunguka shina, kwenye shingo ya vali. Mvuke ulikuwa unavuja, mtu wa shifti akachukua spana akaikaza mpaka ukakoma, na shina likakabwa. Hakukosea, alizima uvujaji kwa kifaa alichokuwa nacho. Badilisha pakiti, kaza kiasi cha kuzuia mvuke tu, kisha fanya upya kalibresheni ya pozishona, kile kifaa kinacholisukuma shina kwa hewa mpaka pale amri inapotaka. Pakiti za grafaiti huzuia mwendo zaidi ya zile za Teflon, kwa hiyo kwa joto ambalo Teflon inalimudu, usikimbilie grafaiti.

Halafu hewa ya kompresa inayoisukuma vali. Fungua koki ya chini ya tangi la kompresa. Yakitoka maji, yamekwisha kufika kwenye pozishona. Wakati wa baridi ya Julai, bomba linalopita nje ya ukuta usiku hukusanya maji zaidi, na vali zinaanza visa alfajiri. Kikaushio cha hewa kinachofanya kazi kinagharimu kidogo kuliko pozishona mpya mbili.

Sensa ya joto ya Pt100 inasoma omu 100 kwenye nyuzi sifuri. Barafu iliyosagwa ndani ya chupa ya chai yenye maji kidogo inatosha kuikagua. Ukitaka kukagua kwa maji yanayochemka, kumbuka uko wapi. Eneo la Viwanda liko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na maji hapa huchemka karibu nyuzi 94 hadi 95, kwa hiyo tarajia kama omu 136, si zile 138.5 za kwenye jedwali la nyuzi 100. Nimeona sensa nzima zikitupwa kwa kosa hilo. Kingine: chomoa sensa kwenye ala yake, ule mfuko wa chuma unaoikinga, uone kama kuna nafasi ya hewa. Nafasi hiyo inachelewesha kipimo kwa sekunde nyingi, na sekunde hizo utazilipia kwenye hatua inayofuata. Sensa inayofika mwisho wa ala, na gundi ya kupitisha joto, imemaliza kesi.

Kusukuma kidogo na kupima

Sasa, vali ikiwa nzima, tafuta tabia ya mchakato. Wapashe habari watu wa ubora, hakikisha vali ya kugeuza maziwa inafanya kazi, na ufanye jaribio maji yakiwa yanazunguka badala ya maziwa. Tulia mpaka joto la maji moto linyooke. Halafu sogeza vali ya mvuke kwa hatua moja na usiguse kitu.

Tuseme umetoka asilimia 42 hadi 47, na joto limepanda kutoka 76 hadi 79 likatulia. Nyuzi 3 kwa asilimia 5: mwitikio ni 0.6. Kwa sekunde 6 za mwanzo hakuna kilichotokea; huo ni muda wa kimya. Baada ya hapo, joto lilimaliza asilimia 63 ya safari yake, yaani nyuzi 1.9, kwa sekunde 30. Huo ni muda wa mchakato. Namba tatu tu. Rudia ukishuka, maana nyingi hazifanani kupanda na kushuka, na uchukue zile zinazokupa tahadhari zaidi.

Ziegler na Nichols walitoa kanuni zao mwaka 1942 na bado zinafundishwa vyuoni, lakini zinalenga majibu ya haraka yenye kuyumba kabla ya kutulia. Kwa pasteuriza mimi hutumia njia ya lambda, ambayo inakuruhusu kuchagua mwenyewe kasi unayotaka. Chagua lambda, yaani muda unaotaka joto lichukue kujibu, kuwa mara tatu au nne ya muda wa kimya. Hapa nachukua mara nne, sekunde 24. Nguvu ya kidhibiti ni muda wa mchakato ukigawanywa kwa mwitikio mara jumla ya lambda na muda wa kimya: 30 ÷ (0.6 × 30), ambayo ni 1.67. Muda wa kujumlisha makosa unauweka sawa na muda wa mchakato, sekunde 30. Ile sehemu ya tatu ya PID iache sifuri.

Angalia mitego miwili. Hesabu hiyo ni sahihi kama sensa imepangwa kupima nyuzi 0 hadi 100. Ikiwa imepangwa 0 hadi 150, nyuzi 3 ni asilimia 2 tu ya kipimo, mwitikio unakuwa 0.4, na nguvu inakuwa 2.5. Pili, soma kitabu cha kidhibiti chako kabla ya kubonyeza. Kuna vinavyotaka ukanda badala ya nguvu (100 ÷ 1.67, kama 60), kuna vinavyohesabu muda kwa dakika (0.5), na kuna vinavyohesabu marudio kwa dakika (2). Ukiandika 30 kwenye kidhibiti cha dakika, kitachukua nusu saa kufanya kazi ya nusu dakika, na wewe utailaumu vali.

Kabla hujaondoka, jaribu mambo mawili. Badilisha kutoka manuali kwenda otomatiki uone kama vali inaruka, haitakiwi kuruka. Kisha zuia mvuke kwa muda mpaka kidhibiti kiombe asilimia 100, uachilie tena. Joto likipita kiasi sana, kidhibiti kilikuwa kinaendelea kujumlisha kosa wakati vali imefika mwisho wake, na hiyo inazimwa kwenye mipangilio. Na kwa jinsi stima yetu inavyoyumba, UPS (betri ya akiba) ya PLC, ile kompyuta inayoendesha vidhibiti, si anasa. Zima umeme kwa makusudi mchana, mbele ya kila mtu, uone vali inakwenda wapi. Vali ya mvuke lazima ijifunge yenyewe hewa inapokatika.

Tabaka linalofuata

Mzunguko mmoja ukitulia, ongeza tabaka. Kidhibiti cha joto la maziwa kisiamrishe vali moja kwa moja. Kiamrishe setipointi ya maji moto, na kidhibiti cha maji ndicho kiamrishe vali. Presha ya mvuke ikianguka, cha ndani kinairekebisha kabla maziwa hayajasikia. Sharti ni moja, cha ndani kiwe na kasi angalau mara tatu ya cha nje, na urekebishe cha ndani kwanza. Tena, kama mtiririko hubadilika, mwambie kidhibiti mapema: mtiririko ukishuka, amri ya joto ishuke muda huo huo bila kungoja kipimo kipotoke. Mambo haya mawili PLC uliyo nayo inayaweza leo, bila leseni mpya. Kwa viwanda vingi nilivyoingia, safari ingeweza kuishia hapa.

Boila nitaisema kwa ufupi. Sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi, na kidhibiti kinachorekebisha hewa taratibu, hulipa haraka kwa boila ya mafuta inayoendeshwa kwa hewa nyingi kupita kiasi. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na ya mchana wa Februari ni nyepesi kuliko ya alfajiri ya Julai. Mpangilio mmoja wa bana, kile kichomea mafuta, hauwezi kufaa zote. Weka kikomo cha chini ambacho kidhibiti hakiwezi kukivuka, ili sensa ikifa isizime hewa.

Mfumo wa kutabiri, na nani ataulea

Sasa tunaweza kuzungumzia MPC, ule udhibiti wa kutabiri ambao muuzaji alikuja nao. Si kitu kipya. Richalet na wenzake huko Ufaransa waliandika juu yake mwaka 1978, na Cutler na Ramaker wa Shell wakaeleza wa kwao mwaka 1979, kwa ajili ya mitambo ya mafuta. Kompyuta inabeba kielelezo cha mchakato, inatabiri dakika zijazo, inatafuta mfululizo wa hatua zitakazofika karibu na mpaka bila kuuvuka, inatekeleza hatua ya kwanza tu, inapima, inaanza upya.

Unahitajika pale ambapo vitu vinavutana: kikaushio ambacho ukiongeza maziwa joto la kutokea linashuka, ukiongeza hewa moto unyevu unashuka na matumizi ya mafuta ya kuchoma yanaongezeka, na kipimo cha unyevu kinachelewa. PID nne zilizotenganishwa zitapigana. Ukiwa na joto moja na vali moja, huuhitaji.

Muulize muuzaji maswali haya akiwa amekaa. Majaribio ya kusukuma yatachukua siku ngapi na ni bidhaa kiasi gani itaharibika? Mkibadilisha bidhaa, kielelezo kinabadilikaje? Mfumo ukizimika, PID za chini zinaendelea bila mruko? Na baada ya mwaka, sahani zikichakaa na kielelezo kikawa si cha mtambo huu tena, nani ataupima upya, kwa bei gani, na je, nywila tunapewa? Kiwanda kimoja nilichokwenda kilikuwa na mfumo mzuri uliozimwa kwa sababu aliyeuweka alirudi kwao na nywila. Opereta walikuwa wameweka karatasi juu ya kitufe.

Bajeti yako ikitosha mfumo au fundi mmoja wa kudumu wa vipimo, mwajiri fundi.

Kusogeza setipointi

Linganisha rekodi ya wiki moja kabla na wiki moja baada, shifti kwa shifti. Kama joto lilikuwa likicheza nyuzi 3 juu na chini na sasa ni nusu nyuzi, una nafasi. Ila usiichukue yote kwa mkupuo. Teremsha nusu nyuzi, kaa nayo wiki nzima ikiwemo siku ya kubadilisha bidhaa na siku ya kuosha, mtu wa ubora atie sahihi, kisha teremsha nyingine. Kiwango cha vali ya kugeuza maziwa hakiguswi, na hakuna mtu, hata mwenye kiwanda, anayekiweka pembeni ili uzalishaji uendelee.

Namba mpya za PID ziandike kwenye karatasi, na za zamani kando yake, tarehe, na jina la aliyebadilisha. Ifunge kwa plastiki na uibandike ndani ya mlango wa paneli, upande ambao mvuke haufiki.